Nyumba ya mawe ya Ngara: chokaa imeanza kushika

Ukuta wa magharibi umekwisha kuchongwa viungo, yaani mianya kati ya mawe, na sehemu ya chini tayari imejazwa. Kwa wanaosoma kumbukumbu hizi kwa mara ya kwanza: ni nyumba ya mawe ya hapa Ngara, Nairobi, iliyojengwa enzi za ukoloni, na ninaishughulikia Jumamosi bila malipo. Siku nyingine hupima simiti maabara, kwa hiyo inachekesha kidogo kwamba huku kazi yangu kubwa imekuwa kuiondoa.

Zamani mtu alijaza viungo kwa simiti akidhani anaimarisha. Jiwe hili ni laini, hunywa maji. Simiti hulinyima jiwe nafasi ya kupumua. Mvua ya masika ikiingia, unyevu hutokea kwenye uso wa jiwe lenyewe, chumvi inaganda humo ndani na kuubandua ganda baada ya ganda. Ndiyo maana simiti imebaki imetokeza huku mawe yakirudi nyuma. Tunaitoa kwa tindo na nyundo. Grenda nimeikataza, maana ikiteleza kidogo tu inakata kingo za jiwe na hakuna wa kuzirudisha.

Nilipata mabaki ya mchanganyiko wa awali ndani kabisa ya kiungo. Nikayatia asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa: chokaa ikatoa povu na kuyeyuka, mchanga ukabaki. Huo mchanga ndio niliokuwa nautaka. Niliuchekecha, nikaona chembe zake ni nene na zenye kona, tofauti na ule laini tulioletewa na lori. Tumebadilisha mchanga. Sasa tunatumia kipimo kimoja cha chokaa iliyolowekwa kwa vitatu vya mchanga.

Kibarua mmoja kijana alibonyeza kiungo kwa kidole, akaguna.

"Injinia, hii itashika kweli? Bado ni laini."

Kabla sijajibu, fundi wetu mkuu, mzee wa Lamu, akamwahi: "Kijana, kwetu nyumba zimesimama kwa chokaa ya matumbawe kabla babu yako hajazaliwa. Lowesha gunia, ufunike."

Sikuwa na la kuongeza, ila kemia yake: chokaa hushika kwa kuvuta kaboni dioksidi hewani, na huhitaji unyevu ili ifanye hivyo. Jua la mchana likiikausha haraka, inabaki unga.

Mzee analipwa, mimi silipwi, na naona ndivyo inavyofaa. Mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi anaweza kutoa Jumamosi yake. Fundi wa kutwa akijitolea, watoto hawali. Wenzangu wa taaluma wakiniuliza waje kusaidia wapi, wengi hutaja maktaba ya McMillan ya 1931, katikati ya jiji, na wale simba wake wa sanamu mlangoni. Simba wana mashabiki wa kutosha. Hapa natafuta mtu anayejua mabati na mifereji ya paa, kwa sababu mfereji wa nyuma unamwaga maji yote ukutani.

Lililobaki gumu ni rangi. Mwenye nyumba anataka ukuta wote upakwe rangi ya plastiki, ambayo ingefungia unyevu ndani vilevile kama simiti. Nyumba haijatangazwa kuwa mnara wa kitaifa, yaani jengo la kihistoria linalolindwa, chini ya sheria ya turathi ya 2006, kwa hiyo uamuzi ni wake. Nimempelekea ukurasa mmoja wa maelezo, pamoja na jiwe lililopakwa chokaa nyeupe ili aone rangi ikikauka. Amesema atamshauri kaka yake kwanza.