Herufi D

Masika ya 2019, Dar es Salaam. Simu ya mzee anayelinda pampu iliingia kabla sijanywa chai.

"Binti yangu, tangi limefurika tena."

Wiki tatu nzima dawa yetu ilikuwa moja tu: zima, washa. Kompyuta ndogo iliyofungwa kisimani ilisoma kina cha maji kila dakika 10, kisha ikaamua pampu izimwe au iendelee. Draiva ya kitambuzi cha kina, yaani programu inayokiongoza, inayokaa ndani ya kerneli (kiini cha mfumo wa Linux), niliiandika mimi. Ikishawashwa upya inakwenda vizuri siku nne, tano, halafu inaganda. Na maji yaliyokuwa yakimwagika watu waliyalipia umeme, jambo lililoninyima usingizi.

Safari hii nilimwomba mzee azime pampu kwa mkono, kompyuta asiiguse. Nikaingia kwa mbali.

Mzigo, yaani wastani wa kazi zinazoendeshwa au kungoja, ulisomeka 9, ilhali prosesa imekaa bure kabisa. Kwenye `ps`, orodha ya programu zilizo hai, nikaona sababu: mistari tisa yenye herufi D. D ni usingizi usiokatizwa, na Linux huhesabu kwenye mzigo hata walio ndani yake. Saba zilikuwa programu za kusoma kina, kila moja imezaliwa dakika 10 baada ya mwenzake na kukwama mlangoni, inapofungua kifaa. `dmesg` nayo ilikuwa imejaa malalamiko ya kerneli: kazi fulani imezuiwa kwa zaidi ya sekunde 120.

Nikapiga `kill -9`, amri ya kuua programu kwa nguvu. Nikarudia. Haikutikisika hata moja, kwa kuwa aliye kwenye D hasikii ishara mpaka anachokingoja kimfikie.

Kaka mmoja wa kazini, aliyenitangulia miaka mingi kwenye kazi hii, akainama nyuma ya kiti changu. "Mdogo wangu, mbona unaiua? Iulize kwanza imelala wapi."

Nikaitafuta ya nane, ya zamani kuliko zote, nikasoma `/proc/1187/stack`, faili linaloonyesha imekwama ndani ya funksheni zipi. Juu kabisa `__flush_work`, chini yake `cancel_delayed_work_sync`, na chini yake jina nililoliandika kwa mkono wangu: funksheni ya kufunga kifaa. Kisha nikaandika `w` kwenye `/proc/sysrq-trigger`, kerneli ikamwaga orodha ya wote waliozuiwa. Wa tisa alikuwa kworker, mfanyakazi wa ndani ya kerneli anayesoma kitambuzi kila sekunde. Yeye alilala kwenye `__mutex_lock`, anaomba kufuli linaloruhusu mmoja tu kwa wakati mmoja.

Kufuli alikuwa nalo nani? Yule wa kufunga kifaa. Naye alikuwa akingoja nini? Kworker amalize kazi yake. Ni kama mtu aliyefunga stoo ya unga, ufunguo kaufundika kwenye pindo la kanga, halafu kaketi anasubiri ugali uive.

Nikafungua msimbo. Nilikuwa nachukua kufuli, natuma amri ya kukilaza kitambuzi, ndipo nafuta kazi ya kila sekunde huku kufuli bado nimelishika. Amri ile huchukua milisekunde chache. Kworker akiamka ndani ya upenyo huo mwembamba, basi. Ndiyo maana zilipita siku nne kimya, na ndiyo maana mezani kwangu haikuwahi kutokea.

Sikutaka kurekebisha kwa kukisia. Mezani, kwenye kifaa kama kile, nikaongeza usingizi wa milisekunde 300 hapo hapo katikati, nikafungua na kufunga. Mara ya pili tu ikaganda, mistari ile ile. Moyo wangu ulituliaje! Nikashusha ufutaji wa kazi chini ya mstari wa kuachia kufuli, nikauacha usingizi ule ule mahali pake, nikakiendesha kitanzi cha kufungua na kufunga usiku kucha. Asubuhi hakukuwa na D hata moja.

Nikaondoa usingizi, nikatuma draiva mpya kisimani, nikampigia mzee.

"Iwashe pampu, baba. Na kompyuta ikiganda tena usiizime. Nipigie kwanza."