Jioni Baba Aliposema "Baba Yetu"

Kiharusi kilimpiga Baba upande wa kushoto wa ubongo, na kwa watu wengi huko ndiko lugha inakokaa. Ndiyo maana mkono na mguu wake wa kulia vililegea, na ndiyo maana alirudi kutoka hospitalini akielewa mengi tuliyomwambia lakini hawezi kutaja hata jina lake. Ukimwuliza anaitwa nani, midomo inahangaika, jasho linamtoka, kisha linakuja neno lisilohusika kabisa. Hali hiyo madaktari wanaiita afasia. Akili haijapotea, kilichoharibika ni njia ya kutoka kwenye wazo kwenda kwenye neno. Familia ikichelewa kulielewa jambo hili, mgonjwa anaumia mara mbili, kwa sababu wageni humpigia kelele kana kwamba ni kiziwi, au humzungumzia mbele yake kana kwamba hayupo.

Baba alikuwa mwalimu na mzee wa kanisa. Yeye ndiye aliyefundisha darasa la ubatizo, na nyumbani ndiye aliyeongoza ibada ya jioni tangu nipate akili. Mimi nilijulikana kwa jina lake: mtoto wa mwalimu. Alipougua niliacha kazi nisaidiane na Mama kumuuguza, na baada ya miezi michache sikuwa tena na cha kujibu mtu akiniuliza nafanya nini siku hizi. Mshahara wake ulikuwa umekatika, wangu pia. Mwalimu hafundishi, mtoto wa mwalimu hana kazi, na nyumba nzima inazunguka kitanda kimoja.

Kazi yenyewe haikuacha nafasi ya kuwaza. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, la sivyo uzito wake mwenyewe unabana mishipa midogo ya damu na ngozi inaanza kufa. Tulikagua visigino, nyonga na sehemu ya chini ya mgongo kila tulipomgeuza. Ukiona wekundu, au weusi usio wa kawaida kwenye ngozi nyeusi, ambao hauondoki hata ukiubonyeza kwa kidole, kidonda kimeshaanza. Mkono uliolegea hauvutwi hata siku moja wakati wa kumwinua, kwa sababu misuli haishiki tena bega na kiungo kinateguka upesi. Wakati wa kula aliketi wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kidogo kidogo, na alibaki ameketi kama nusu saa baada ya kumaliza. Vinywaji vyepesi kama maji ndivyo hatari zaidi: vinakwenda haraka kuliko koo linavyoweza kujifunga, mgonjwa anapaliwa, na kinachoingia kwenye mapafu kinaweza kuleta nimonia.

Katika hayo yote ibada ya jioni ilikuwa imekoma. Hakuna aliyetangaza kwamba tumeiacha. Kiti cha Baba kilikuwa kitupu tu, na hakuna aliyethubutu kukikalia.

Halafu walikuja ndugu fulani kutuona, na mmoja wao akamwambia Mama, kwa sauti ya upole kabisa, atafute moyoni ni dhambi gani iliyofungua mlango wa ugonjwa ule. Mama aliwasindikiza hadi nje, akarudi, akaniambia, "Mwanangu, kesho utatuongoza kwenye ibada. Usiniambie hujui. Baba yako amekufundisha."

Nilikaa usiku ule na Biblia yake, katikati ya zamu mbili za kumgeuza. Kwanza nilifungua Yohana 9, kwa ajili ya Mama, ambapo wanafunzi wanauliza swali lile lile la wale ndugu, nani aliyetenda dhambi, na Yesu anakataa msingi wa swali lenyewe: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Nilimwekea alama hapo. Lakini kilichonishika ni Mathayo, mwisho wa sura ya 3 na mwanzo wa sura ya 4, kwa sababu ya mpangilio wake. Watu wengi husoma ubatizo wa Yesu siku moja na majaribu yake siku nyingine. Sura ndizo zinazovitenganisha, na mgawanyo wa sura uliingizwa karne nyingi baada ya Mathayo kuandika. Ukivisoma kwa mfululizo, 3:13 hadi 4:11, unapata aya 16, na zinasomeka kwa dakika tatu hivi bila haraka.

Angalia kinachotangulia. Yesu anatoka majini, na sauti kutoka mbinguni inasema, "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye." Kwa Mathayo, mpaka hapo Yesu hajahubiri mahubiri hata moja, hajaponya mtu, hajaita mwanafunzi. Hana kazi ya kuonyesha. Jina la Mwana linatolewa kwanza, kazi inafuata baadaye. Halafu anapelekwa nyikani, anafunga siku 40, anaona njaa, na neno la kwanza la mjaribu linalenga pale pale: "Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu, amuru kwamba mawe haya yawe mikate." Yaani thibitisha. Fanya kitu ndipo tujue wewe ni nani. Jibu la Yesu, kwamba mtu hataishi kwa mkate tu, linatoka Kumbukumbu la Torati 8, na hapo ndipo nilipoweka Biblia chini kwa muda, kwa sababu sura ile inahusu watu walioona njaa jangwani, na aya ya 5 inasema Mungu aliwalea kule kama mtu amleavyo mwanawe. Kwa hiyo Yesu hakutoa jiwe lililogeuka mkate ili kuthibitisha uwana wake. Alishika maandiko yanayosema kwamba mtu anaweza kuwa na njaa na bado akawa mwana.

Hilo ndilo nililolihitaji. Nilikuwa nimeichukulia shida yetu kama ushahidi dhidi yetu. Kumbe nyika ilikuja mara tu baada ya sauti, na haikuifuta.

Jioni ya siku iliyofuata tulianza mapema, kabla giza halijaingia. Kuna sababu ya kitabibu: afasia huwa mbaya zaidi mgonjwa akichoka, na ibada yetu ya zamani ilikuwa ya kufungia siku, saa ambayo Baba sasa alikuwa hoi. Tulizima redio, tukafunga mlango wa upande wa jikoni, kwa sababu mtu mwenye afasia hupata taabu kuchuja sauti mbili kwa pamoja. Mimi nilikaa upande wake wa kushoto, ule mzima, uso wangu ukiwa usawa wa macho yake. Mama alikaa miguuni. Mdogo wangu alianzisha wimbo mmoja wa zamani, beti mbili tu, kwa sauti ya chini, maana mgonjwa wa kiharusi mara nyingi pumzi yake ni fupi na wimbo ukianzia juu unamwacha nyuma.

Katika wimbo midomo ya Baba ilikuwa ikisogea. Tulidhani anahema.

Nikasoma zile aya 16. Sikuhubiri. Nilisema sentensi tatu: kwamba Yesu aliitwa Mwana kabla hajafanya kazi yoyote, kwamba njaa haikumwondolea jina hilo, na kwamba sisi tuliobatizwa katika yeye tumeitwa wana kwa njia hiyo hiyo. Kisha nikafunga Biblia, nikaanza Sala ya Bwana polepole, kwa sababu Mama alikuwa amechoka na sikutaka kumkimbiza.

Nilisema, "Baba yetu." Baba akasema, "Uliye mbinguni."

Nikanyamaza. Yeye hakunyamaza. "Jina lako litukuzwe. Ufalme wako uje." Matamshi yalikuwa mazito, upande wa kulia wa mdomo ukiburuta, lakini kila neno lilikuwa mahali pake, hadi "Utupe leo riziki yetu," hadi "utuokoe na yule mwovu," hadi Amina. Mtu aliyekuwa hawezi kuomba maji kwa neno alikuwa ameomba sala nzima.

Mdogo wangu aliruka. Alimshika bega akamwuliza, "Baba, unaitwa nani?" Na pale pale neno likakataa. Baba alijaribu, akajaribu tena, kisha akalia kwa uchungu ambao sikuwahi kuuona kwake.

Ningependa kila anayemuuguza mtu wa namna hii aelewe kilichotokea, kwa sababu mara nyingi watu hudhani mgonjwa amepona ghafla, au kwamba siku zote alikuwa anajifanya. Maneno tuliyoyarudia kwa miaka, kama sala, nyimbo, kuhesabu, siku za juma, hayapiti kwenye njia ile ile ya kutunga sentensi mpya. Yanatoka kama mfuatano mmoja, na sehemu za upande wa kulia wa ubongo hushiriki kuyatoa, ndiyo maana wengi wenye afasia huweza kuimba wimbo mzima ilhali hawawezi kusema wanataka nini. Lakini yanahitaji mtu wa kuyaanzisha, na hayageuki kuwa mazungumzo kwa kuulizwa swali. Swali la wazi, hasa la jina, ndilo gumu kuliko yote. Linalofaa ni swali la ndiyo au hapana, moja kwa wakati, kisha kusubiri. Hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kuongeza neno. Usimmalizie neno isipokuwa amekuomba kwa macho au kwa mkono. Na usimfanyie mtihani mbele ya watu.

Mama hakujua lolote kati ya hayo wakati ule. Alisogea, akamfuta Baba machozi na kidevu, akamwambia, "Mume wangu, jina lako tunalijua sisi." Halafu akasema kwa moyo, bila kufungua kitabu, Isaya 43 aya ya kwanza: "Usiogope, maana nimekukomboa, nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu."

Nimeisikia aya hiyo mara nyingi tangu utotoni, hasa kwenye ubatizo wa watoto. Jioni ile niliiona kwa mara ya kwanza. Anayetaja jina pale ni Mungu. Anayeitwa hatakiwi kujitaja, wala kujieleza, wala kuonyesha vyeti. Maneno hayo yaliwafikia watu waliohamishwa Babeli, waliokuwa wamepoteza nchi yao, hekalu lao na mfalme wao, kwa hiyo kila kitu ambacho kwacho wangeweza kusema "sisi ni fulani" kilikuwa kimevunjika. Mbele yangu alikuwa mzee aliyepoteza ualimu, uzee wa kanisa na hata jina lake, na kilichobaki kikiwa kizima kinywani mwake ni kumwita Mungu Baba. Kama yeye bado ni mwana, na ni mwana kwa hakika, basi mimi niliyekuwa na ndoo ya maji na taulo mkononi sikuwa mtu aliyesimama nje ya maisha yake akisubiri kazi imrudishie jina.

Sitaki mtu afikiri kwamba tangu hapo ilikuwa nyimbo za furaha. Kuna majuma Mama hakuweza kuomba kabisa, na tuligundua kwamba ibada inamshinda aliyechoka kwa sababu mbili hasa: sala ndefu zinazogeuka mahubiri kwa waliomo chumbani, na kuchagua zaburi za ushindi pekee. Anayelia akisikia ushindi kila jioni anaona chumba hakina nafasi yake, anaanza kutafuta shughuli jikoni. Kwa hiyo tulisoma pia Zaburi ya 88, ambayo inamalizikia gizani bila neno la kutia moyo. Wengi huiruka. Mimi naona ni zawadi kubwa, kwa sababu mwandishi wake, akiwa humo gizani, ameanza kwa kusema "Ee BWANA, Mungu wa wokovu wangu," na hajaliondoa tamko hilo hata alipofika mwisho. Mama aliisoma mwenyewe, kwa sauti, na siku hiyo hakuna aliyeongeza maelezo.

Tuliiweka ibada ndani ya dakika kumi na tano: beti mbili za wimbo wa zamani, fungu moja lisilozidi aya 20, kimya kidogo, sala ya sentensi chache, kisha Sala ya Bwana. Mtaalamu wa tiba ya usemi alipoambiwa, alifurahi, akatuonyesha namna ya kutumia nyimbo alizozijua Baba kumsaidia kutamka vishazi vifupi anavyovihitaji kila siku: kuvipa mdundo, kugonga taratibu mkono wake wa kushoto kwa kila silabi, kisha kupunguza sauti yetu mpaka yake ibaki peke yake. Kishazi cha kwanza kilichosimama ni "nipe maji". Jina lake lilichukua muda mrefu zaidi.

Mama alipanga zamu. Mdogo wangu alisoma Jumatano na Jumamosi, mimi siku zilizobaki, na wale ndugu walipokuja tena walikaribishwa kukaa nasi kwenye ibada kama watu wengine. Kwenye Sala ya Bwana mimi nilitamka neno "Baba", na kuanzia hapo sala ilikuwa ya Baba kuiongoza.