Hadithi za mapenzi za Kiassam zimenikamata

Huu ni mwaka wa pili nasoma hapa Guwahati, jiji la jimbo la Assam huko India. Mama mwenye nyumba wangu, ninayemwita baideu, yaani dada mkubwa, akiingia jikoni tu anaegemeza simu dirishani, anafungua YouTube, na sauti ya msimulizi inaanza. Mapenzi, Kiassam kitupu. Mvua inapiga bati, mafuta ya haradali yanachemka, na mwiko wa baideu umesimama hewani kwa sababu kijana wa kwenye hadithi amepanda feri ya kuvuka mto Brahmaputra bila kuaga.

Mwanzoni niliambulia neno mojamoja. Sasa nikisikia "bhal pau", nakupenda, moyo unashtuka kama nimeambiwa mimi.

Lugha hii ina wazungumzaji milioni 15 na ushei kwa sensa ya India ya 2011, na inaishi kando ya lugha kubwa zaidi, Kibengali na Kihindi. Wenzangu darasani wanaiongea vizuri sana, ila kitabu cha Kiassam hawakigusi. Hadithi za kusikiliza wanazo masikioni kwenye basi, usiku kitandani, kila mahali. Nafurahi mno kuona hivyo. Baideu anasema yeye alikulia kwenye michezo ya redio, na utamu ni uleule.

Jana wapenzi wa kwenye hadithi walikutana tena, sikukuu ya Bihu ya Aprili, kijana amevaa shingoni gamosa, kitambaa alichofumiwa na yule binti. Baideu akafuta machozi kwa upindo wa nguo yake. Samaki aliungua upande mmoja. Tukamla hivyohivyo, sehemu inayofuata ikiendelea.