Kipochi kidogo kilivyomaliza vurugu ya nyaya kwenye begi langu

Kila nikipanda treni ya Dar es Salaam kwenda Dodoma, nilipekua begi zima kutafuta waya wa simu. Safari moja niliukuta umekatika shingoni: chaja ya laptopu iliulalia, na zile pini tatu nene za plagi zetu huumiza kila kinachozigusa.

Kwanza nilinunua kipochi kikubwa. Kikajaa takataka ndani ya mwezi.

Safari hii nilianza na vitu, si kipochi. Nilimwaga vyote kitandani, nikabakisha nilivyovitumia wiki ile tu: chaja moja ya wati 65 yenye tundu la USB-C, inayotosha laptopu na simu, nyaya mbili za mita moja, pawabenki ya mAh 10,000, fleshi, spika za masikioni. Nikavipanga, nikavipima kwa rula: sentimita 20 kwa 12, kimo 6. Kisha nikavibeba hadi Kariakoo na kuvijaribisha kwenye vipochi dukani, jambo ambalo namsihi kila mtu alifanye. Nilichagua chenye zipu ya pande tatu kinachofunguka kama kitabu, kina lastiki za kubana nyaya na mfuko wa peke yake wa chaja.

Kwenye ndege kinanifaa zaidi. Pawabenki hairuhusiwi kwenye mzigo unaokwenda chini, lazima uwe nayo mkononi; yangu ni saa-wati 37 (Wh, kipimo cha nishati ya betri), chini sana ya kikomo cha kawaida cha 100 kwenye ndege. Wahudumu wakilitaka begi langu mlangoni ili liende chini, nachomoa kipochi tu.