Mkate Uliofumba Macho

Mwaka 2009 nilikuwa na kibanda cha stesheneri Ngamiani, Tanga. Kompyuta moja, printa moja ya leza ya mtumba, na kiburi cha mtu aliyemaliza kozi ya miezi mitatu. Kazi zangu zilikuwa barua za maombi, kadi za harusi na matangazo ya vyumba vya kupanga. Siku moja akaja mama aliyekuwa akioka mikate nyumbani kwake. Alitaka maandishi ya kuchapa kwenye mifuko ya nailoni.

"Nataka herufi zilizoshiba, mwanangu," aliniambia. "Mtu akiziona tu ajue mkate huu haukubaniwa unga."

Herufi zilizoshiba nilizijua. Zilikuwamo kwenye kompyuta, zimekuja pamoja na Word: Cooper Black. Nono, hazina pembe hata moja, miguu imetuna kama maandazi yaliyoumuka. Nikamwandikia "Mkate Laini" kubwa, kioo kizima, na mama akacheka. Hiyo ndiyo herufi pekee niliyowahi kuona mteja akiichekea kwa furaha kabla hajaisoma. Kisha nikaipunguza hadi upana wa vidole vinne, maana mfuko ulikuwa mdogo na chini yake paliingia uzito na namba ya simu. Nikaitoa kwenye karatasi ya tresingi nikaipeleka kwa mzee mmoja mchapaji wa skrini.

Aliiangalia, akaguna. "Binti, hizi zitaziba."

Nikamwambia haziwezi kuziba, mbona kwenye kompyuta zinaonekana vizuri. Hakubishana. Alinichapia mifuko 300, akapokea hela yake.

Siku ya tatu mama alirudi na mfuko mmoja mkononi, amemshika mjukuu wake aliyekuwa anaanza kusoma. "Msomee shangazi yako," akamwambia. Mtoto akasoma M, akasoma k, akakwama. Akainama karibu na mfuko. "Bibi, hapa wameweka kunde?"

Kweli zilikuwa kunde. Ile a na ile e za "mkate", na a ya "laini", vitundu vyote vilikuwa vimejaa wino. Mifuko 300 nikailipa mimi, na jioni nikaenda kwa mzee kichwa chini.

Hakunicheka, labda kwa sababu alikuwa na kazi mkononi. Alinieleza huku anapaka dawa kwenye fremu iliyowambwa kitambaa cha wavu. Mwanga ukipita kwenye tresingi iliyolazwa juu yake, dawa huganda. Penye weusi mwanga haupiti, dawa hubaki laini, maji huitoa, na hapo ndipo wino unapopenya. Kitundu cha a ni kinukta tu cha dawa iliyoganda kilichosimama peke yake katikati ya wino. Kikiwa kidogo, ama maji hukizoa, ama wino hukifunika ukishakandamizwa, na nailoni hainywi wino kama kitambaa, hivyo wino hutambaa. "Na Kiswahili chetu," akasema, "kimejaa a. Mzungu anaweza kuandika neno zima lisilo na a. Wewe jaribu."

Nilijaribu kimoyomoyo. Nilipata "moto" na "nguo". Kwa mkate haikusaidia.

Akachukua tresingi yangu, akaibandika kwenye kioo cha dirisha, akafungua wembe mpya. Kwa ncha yake akaanza kukwangua ule wino wa leza ndani ya a, kidogo kidogo, akipanua jicho la herufi kuliko lilivyochorwa. Halafu e. Kwa karibu zilikuwa mbaya, zimekodoa macho kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Zilipochapwa zilirudi kuwa herufi nzuri kabisa.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba aliyezichora, Oswald Cooper wa Chicago, zilipotoka mwaka 1922 alitania kuwa ni za wachapaji wanaoona mbali wenye wateja wasioona mbali. Nikajiona mimi humo, ila sikujua nijiweke upande gani.

Lakini jioni ile, kabla sijaondoka, mzee alivuta droo akatoa karatasi za Letraset, herufi za kubandika kwa kusugua, zilizokuwa zikitumika kabla ya kompyuta. Cooper Black ilikuwamo. Alisema aliipenda kwa sababu chini yake ni mviringo: ukibandika moja ikapanda kidogo na jirani yake ikashuka, jicho halioni, tofauti na herufi zenye nyayo bapa zinazokusema papo hapo. Tatizo lake lilikuwa jingine. Karatasi zilipangwa kwa hesabu ya Kiingereza, e tele, k mbili tatu. Tangazo moja la "karibu kwa kahawa na kashata" lilimaliza k zote.

"Ukafanyaje?"

"Naunga. l moja, na nusu ya x."

Alinipa karatasi moja ninayo mpaka leo. Imebaki q, c, e nyingi, na x moja iliyokatwa katikati.