Makunyanzi ya Bibi kwenye picha ya inchi 20 kwa 30

"Huyu nani? Makunyanzi yangu mmeyapeleka wapi?"

Ndivyo alivyoniuliza bibi mmoja wa Ngamiani, Tanga, nilipoifungua picha kubwa waliyoiagiza wajukuu zake. Wajukuu walicheka. Mimi sikucheka, maana karatasi, fremu na kioo vilishakula pesa yangu. Alikuwa amekaa na mumewe kwenye kochi, yeye na kanga zake, mzee na kofia ya viua. Uso wa Bibi ulikuwa laini kama sabuni iliyolowa, na vitone vya kwenye pindo la kanga vilikuwa vimeshikana vikawa mstari mmoja.

Kosa lilikuwa langu. Wiki ile kamera ilikuwa kwa fundi, nikajipa moyo kwamba simu yangu ina megapikseli 48, yaani pikseli (nukta za picha) milioni 48, wakati kamera yenyewe, Nikon D700 ya mwaka 2008, ina 12 tu. Nikawapiga jioni, sebuleni, chini ya taa moja.

Hesabu nilikuwa nimeipiga, na ilikaa vizuri. Simu ilitoa picha ya pikseli 8000 upande mrefu. Gawanya kwa inchi 30, unapata kama 267 kwa inchi. D700 inatoa 4256, yaani 142 kwa inchi. Sisi tuliokaririshwa kwamba picha nzuri ya karatasi inataka pikseli "300 kwa inchi" tungechukua simu bila kufikiri mara mbili. Sikujiuliza kila pikseli imeambulia nini.

Sensa ya kamera (si ile ya kuhesabu watu, ingawa hii nayo kazi yake ni kuhesabu, ila inahesabu mwanga) ni kama uwanja uliopangwa vikombe vya kukingia mvua, kila pikseli kikombe chake. Ya D700 ina ukubwa wa fremu ya mkanda wa zamani, milimita 36 kwa 24, na kila kikombe kina upana wa maikroni 8 na ushee (maikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita). Ya simu yangu haizidi ukucha wa kidole cha mwisho, na kikombe chake ni maikroni 0.8. Ndani ya kikombe kimoja cha D700 vinaenea zaidi ya mia vya simu. Kwenye jua la mchana wote wanashiba. Chini ya taa moja, kikombe kidogo kinapata matone mawili matatu, picha inajaa chenga, halafu programu ya simu inazifuta kwa kulainisha. Programu haijui kutofautisha chenga na kunyanzi.

Kisha kuna rangi. Kikombe hakioni rangi mpaka kifunikwe na kichujio, na mpangilio ulioenea mpaka leo ni wa Bryce Bayer wa Kodak, hataza ya 1976: nusu kijani, robo nyekundu, robo bluu. Kwa hiyo milioni 12 zangu ni 6 za kijani, 3 nyekundu, 3 bluu, na rangi inayokosekana kila mahali inakisiwa kwa kuangalia majirani. Kwenye simu yangu vikombe vinne vya jirani vinashiriki rangi moja, kwa sababu vimekusudiwa viungane viwe 12 giza likiingia. Mimi nikaenda kwenye menyu nikawasha 48 kwa nguvu, usiku!

Kamera iliporudi nikaomba turudie. Saa nne asubuhi, kochi tukalisogeza mlangoni, kamera juu ya stendi, ISO (kiwango cha wepesi wa kamera kushika mwanga) 200. Rafiki yangu alikuja na kamera yake mpya ya megapikseli 24, isiyo na kile kioo chembamba mbele ya sensa kinacholegeza picha kidogo. Ilikuwa kali kweli, lakini vitundu vya kofia ya mzee viligombana na mistari ya vikombe, kikatoka kipande cha upinde wa mvua kichwani mwake. Angesogea au kubadili lenzi labda kingepotea. Sikusubiri, D700 ninayo na kioo chake kipo.

Safari hii sikusafisha picha nzima kwanza. Inchi 4 kwa 6 ni sehemu ya tano ya 20 kwa 30 kila upande, basi nikakata kipande cha uso chenye upana wa pikseli 851, nikakisafisha kama picha ya kawaida ya 4 kwa 6. Kwa bei ya picha moja ndogo unaona hasa uso utakavyokuwa ukutani. Nikafanya hivyo hivyo kwa ile ya simu, nikaviweka mezani pamoja. Cha D700 ukikisogeza karibu sana na jicho kimelegea kidogo, 142 ni 142. Ila makunyanzi yapo, moja moja, na vitone vya pindo vinahesabika.

Picha kubwa ilipofika, Bibi aliisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Haya, hawa ndio sisi." Akanyamaza, akamgeukia mumewe. "Mzee, si nilikwambia hii kofia ifuliwe?"