Nilivyoonesha kazi ya homoni ya mmea bila kuwa na homoni kabatini

Kumuonesha mwanafunzi kwamba stomata, vile vitundu vya jani, hufunguka kwa mwanga si kazi kubwa. Kazi ni homoni. Asidi ya absisiki, inayoviamuru vitundu vifunge maji yakiadimika, haimo katika maabara ya skuli yetu hapa Pemba, na kuiagiza ni gharama. Ikawa naiandika ubaoni na watoto wanainakili. Sikuridhika, maana hiyo ndiyo sehemu ya somo inayogusa hasa mashamba ya wazee wao.

Nikaamua mmea wenyewe uitengeneze. Nilichagua kongwe, gugu la maua ya buluu linalojaa kwenye mihogo. Ngozi ya chini ya jani lake huambuka vizuri ukilivunja na kulivuta taratibu, na seli linzi zake, yaani zile mbili zinazokizunguka kila kitundu, ni kubwa, zaonekana hata kwa hadubini ya kioo isiyotaka umeme. Tukapanda kwenye makopo matatu. La kwanza tulilimwagilia na kuliweka juani; la pili tulilimwagilia tukalifunika kwa ndoo nyeusi; la tatu likakaa juani bila maji mpaka majani yakaanza kulegea. Ilikuwa kaskazi, jua linachoma, hatukungoja sana.

Makopo mawili ya mwanzo yalijibu kama nilivyotarajia: la juani wazi, la ndooni vimefumba. Nikawaeleza kwamba mwanga wa buluu hupokewa na fototropini, protini zilizomo kwenye seli linzi. Pampu za utando wa seli zikaanza kusukuma protoni nje, ioni (chembe zenye chaji) za potasiamu huingia, maji hufuata, na zile seli mbili huvimba na kupindika hadi kitundu kikaachama. Sikutumia karatasi za rangi za kuchuja mwanga kuthibitisha habari ya buluu. Kila karatasi hupunguza mwanga kwa kiasi chake, na mtoto angeondoka na jibu la uongo.

Kopo la tatu ndilo lililowashika.

"Maalim, jua lote hili na vimefunga!" alisema msichana aliyekuwa kwenye hadubini.

Naam. Mmea ukikosa maji, absisiki huongezeka na kushikana na vipokezi vyake ndani ya seli linzi. Njia za ioni kwenye utando hufunguka, kloridi hutoka, potasiamu nayo hutoka, maji yakafuata, seli zikanywea. Mwanga unasema fungua, homoni inasema funga, na katika ukame homoni ndiyo inayosikilizwa.

Mwanafunzi mmoja hakukubali. "Pengine hamna homoni hapo, Maalim. Jani limelegea tu kwa kiu." Swali hilo lilinifurahisha kuliko yote niliyoyatayarisha, na njia ya kulijibu ilikuwapo. Asubuhi tukalimwagilia lile kopo la tatu. Ilipofika adhuhuri majani yalikuwa yamesimama imara, udongo umelowa, jua liko utosini. Tukaambua ngozi tukaiangalia hapo hapo, kabla haijabadilika kwenye maji ya kigae cha hadubini: vitundu bado vyembamba kuliko vya kopo la kwanza. Ulegevu umeondoka, kufunga kumebaki. Absisiki iliyokusanyika haitoweki mara tu maji yakirudi. Jani huivunja polepole. Tulipoangalia tena kesho yake vilikuwa vimefunguka, na yule aliyebisha ndiye aliyevichora.